Kumjua Mbu kwa Umbo Lake: Utangulizi kwa Mtazamaji wa Buguruni

Mwezi Machi 2006, katika kata tatu za Dar es Salaam, wakazi waliochaguliwa katika mitaa yao walianza kupita kila wiki wakitia dawa ya viluwiluwi kwenye maji yaliyotuama. Kata hizo zilikuwa Buguruni kwa upande wa Ilala, Kurasini kwa Temeke na Mikocheni kwa Kinondoni. Dawa yenyewe ni bakteria, Bacillus thuringiensis israelensis. Kiluwiluwi akiila, utumbo wake huharibika naye hufa upesi, ilhali samaki, kuku na mtoto anayechezea maji yale hawapati madhara. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya Mpango wa Kudhibiti Malaria Mjini, uliokuwa umeanza mwaka 2004 kwa kuchora ramani, shina kwa shina, na kuorodhesha madimbwi, mifereji, misingi ya nyumba iliyojaa maji na matuta ya mboga katika kata 15.

Kazi ya namna hii haikosi kuulizwa swali moja: dawa imewekwa, mbona usiku bado tunaumwa? Ni swali la haki. Jibu lake ni kwamba mbu wanaomsumbua mkazi wa Buguruni usiku, kwa sehemu kubwa mno, si mbu wa malaria. Wanazaliwa katika maji mengine, umbo lao ni jingine na maradhi wanayobeba ni mengine. Asiyeweza kuwatofautisha hana njia ya kujua kama dawa imefanya kazi au imeshindwa. Wenye mpango ule walilielewa jambo hili. Ndiyo maana, pamoja na kushughulikia maji ya wazi, walitia bakteria nyingine, Bacillus sphaericus, kwenye vyoo vya shimo na makaro, ili mbu wa kero nao wapungue na wakazi wasikate tamaa.

Kurasa hizi ni mlango wa kuingilia elimu hiyo ya kumtambua mbu mzima kwa alama za mwili wake. Karibu, msomaji, hata kama mara ya mwisho kusoma baiolojia ilikuwa kidato cha pili. Elimu hii haidai mashine ya bei kubwa. Lenzi ya mkononi inayokuza mara kumi, mwanga mzuri na subira vitakufikisha mbali kuliko unavyodhani. Hadubini inasaidia zaidi, lakini isikuzuie kuanza.

Kama unaona ni kazi ndogo ya kuhesabu madoa na nywele, mkumbuke Ronald Ross. Daktari huyu wa jeshi la Waingereza nchini India alianza mwaka 1895 kuwalisha mbu damu ya wagonjwa wa malaria, kisha akawapasua kutafuta vimelea matumboni mwao. Kwa miaka miwili hakuona kitu. Hadubini yake ilikuwa nzima na mikono yake ilikuwa stadi, ila mbu aliowatumia hawakuwa wenyewe: walikuwa wa jenasi za Culex na Aedes, ambao hawaambukizi binadamu malaria. Tarehe 20 Agosti 1897, mjini Secunderabad, alipasua mbu wa aina nyingine, mwenye mabawa ya madoadoa, akaviona vimelea ukutani mwa tumbo. Hakujua hata jina la mbu yule. Mwaka uliofuata Giovanni Battista Grassi wa Italia, aliyekuwa bingwa wa wanyama na aliyewajua mbu kwa majina yao, alithibitisha kwamba malaria ya binadamu huletwa na mbu wa jenasi ya Anopheles. Mimi nasoma habari hii kama ushahidi kwamba kutambua ni sehemu ya ugunduzi wenyewe.

Tuanze basi na swali la kwanza, ambalo wengi hulipita: je, huyu ni mbu? Wadudu wengi wembamba wenye miguu mirefu hukusanyika kwenye taa, na baadhi yao hawana uwezo wa kumuuma mtu. Mbu ana bawa moja kila upande, kama walivyo nzi wote. Mahali ambapo wadudu wengine wana jozi ya pili ya mabawa, yeye ana viungo viwili vidogo vyenye vichwa, vya kumsaidia kusawazika anaporuka. Alama zake mwenyewe ni mbili. Ana mrija mrefu unaotokea mbele ya kichwa, na ana vigamba vidogo sana kwenye mishipa na ukingo wa bawa. Vigamba hivyo ndivyo unga unaobaki kidoleni ukimshika vibaya. Mdudu asiye na mrija na vigamba muweke kando.

Swali la pili ni la jinsia, nalo lisirukwe. Mbu dume hanyonyi damu. Anaishi kwa maji matamu ya mimea. Utamjua kwa vipapasio vyake, yaani zile nyuzi mbili za kichwani, ambavyo kwake vimejaa manyoya marefu yaliyotanuka. Vya jike vina nywele chache na fupi. Sababu ya kusisitiza jambo hili ni kwamba alama nyingi zitakazofuata ni za jike. Kando ya mrija kuna viungo vingine viwili viitwavyo palpi, na urefu wake ndio utakaotupa jibu kubwa la kwanza. Lakini dume wa Culex naye ana palpi ndefu. Anayesahau kuangalia vipapasio atamwita dume huyo Anopheles, na hesabu ya nyumba nzima itaharibika.

Ukishajua kuwa unaye jike, tazama palpi. Zikiwa ndefu sawa na mrija, huyo ni Anopheles. Zikiwa fupi, vijiti vidogo tu kwenye shina la mrija, huyo ni wa kundi la pili, lenye Culex, Aedes, Mansonia na wengine wengi. Kwa lenzi nzuri alama hii haina utata, nayo peke yake inatenga mbu wa malaria na wasio wa malaria. Mbu akiwa hai ukutani, alama ya kukaa husaidia: Anopheles huinua nyuma juu, mrija, kifua na tumbo vikiwa kwenye mstari mmoja ulioinama, wakati Culex hukaa na kibyongo, tumbo likiwa sambamba na ukuta. Wapo wanaoiamini sana alama hii ya mkao. Mimi naitumia kuamua mbu gani nimkamate kwanza, kisha natazama palpi.

Mbu utakayemwona zaidi Buguruni ni Culex quinquefasciatus. Ni wa rangi ya kahawia, wa wastani, asiye na pambo la kuvutia. Miguu yake haina pete nyeupe, mrija wake ni wa rangi moja, ncha ya tumbo lake ni butu, na mgongoni mwa tumbo kila pingili ina ukanda wa rangi hafifu uliojipinda kidogo. Anapenda maji machafu: choo cha shimo kilichoingiliwa na maji, karo lisilofunikwa vizuri, mfereji uliozibwa na taka. Mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu na uso wa nchi, na mvua za masika hujaza mashimo ya vyoo, mbu huyu hakosi pa kuzaa. Kumwita mbu wa kero tu ni kumpunguzia hatia, kwa sababu katika pwani yetu ndiye anayeeneza minyoo ya matende na mabusha mijini. Kingatiba ya maradhi hayo inaua minyoo changa ndani ya damu; mbu wa kuichukua anabaki kwenye karo.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, ilionyesha kinachowezekana mtu anapomjua mbu wake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Caroline Maxwell, Chris Curtis na wenzao walimwaga punje za povu jepesi la plastiki juu ya maji ya vyoo vya shimo. Punje zile zilielea zikafunika uso wa maji, na viluwiluwi wakakosa pa kupumulia, huku watu wakipewa dawa ya minyoo. Mbu walipungua sana, na maambukizi ya matende yakapungua pia. Njia hiyo isingefaa chochote dhidi ya Anopheles, anayezaa kwenye dimbwi la jua. Ilifaa kwa sababu walijua wanapambana na Culex quinquefasciatus, na walijua anakozaliwa.

Sasa Aedes aegypti, mbu mzuri kuliko wote kwa kumtazama, na nashauri kila anayejifunza aanze naye ili apate moyo. Ni mweusi mwenye nakshi nyeupe za kung'aa. Miguu ina pete nyeupe, na pingili ya mwisho ya mguu wa nyuma ni nyeupe yote. Juu ya kifua kuna mistari miwili mieupe iliyopinda kama mabano, na kati yake mistari miwili myembamba iliyonyooka. Ncha ya tumbo imechongoka. Huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Huzaa kwenye maji safi kiasi yaliyo ndani ya vyombo: ndoo, mapipa, matairi yaliyoachwa nje ya gereji, vifuu vya nazi. Mayai yake huvumilia ukavu kwa miezi, yakisubiri maji yarudi. Dar es Salaam ilimfahamu kwa uchungu katika milipuko ya homa ya dengue ya mwaka 2014 na 2019. Tanzania ilimfahamu mapema zaidi: mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, Newala, ndio uliowezesha virusi vya chikungunya kutambuliwa kwa mara ya kwanza duniani, kazi iliyoelezwa na Marion Robinson na W. H. R. Lumsden mwaka 1955. Maji ya kunywa katika nyumba za Newala yalihifadhiwa kwa siku nyingi kwa sababu visima vilikuwa mbali, na Aedes walijizalia humo humo ndani.

Mansonia hawatatuchukua muda mrefu. Ukiona bawa lenye vigamba vipana, vya kahawia na vyeupe vilivyochanganyika kama unga wa pilipili na chumvi, na miguu yenye madoa, basi karibu na hapo kuna maji yenye mimea inayoelea. Viluwiluwi wao hutoboa mizizi ya mimea hiyo wapate hewa.

Turudi kwa Anopheles, maana hapo ndipo elimu hii inapopata uzito wake. Afrika kusini mwa Sahara ina zaidi ya spishi 140 za jenasi hiyo, na ni chache tu zinazobeba mzigo mkubwa wa malaria. Kitabu kilichowafundisha watu wa Afrika kuzitofautisha kilitoka kwa kiasi kikubwa katika milima yetu. M. T. Gillies alifanya kazi kwa miaka mingi kwenye taasisi ya malaria iliyokuwa Amani, juu ya Muheza, mkoani Tanga. Mwaka 1968, pamoja na Botha De Meillon wa Afrika Kusini, alichapisha kitabu cha Anopheles wa Afrika kusini mwa Sahara. Nyongeza yake, aliyoiandika na Maureen Coetzee, ilitoka mwaka 1987, na Coetzee akatoa ufunguo mpya wa majike mwaka 2020. Ufunguo ni mfuatano wa maswali ya jozi: miguu ina madoa au haina, kama ina, nenda namba fulani, kama haina, nenda namba nyingine. Ukijibu kwa uaminifu unafika kwenye jina.

Kwa Dar es Salaam unahitaji kuanza na sura tatu. Ya kwanza ni kundi la Anopheles gambiae: miguu imenyunyiziwa madoadoa hafifu, palpi zina mikanda mitatu myeupe, na karibu na ukingo wa mbele wa bawa, doa la tatu kubwa jeusi ukihesabu kutoka shinani limekatwa na alama nyeupe. Ya pili ni kundi la Anopheles funestus: mdogo zaidi, mweusi zaidi, miguu haina madoa, na lile doa la tatu halijakatwa. Ya tatu ni Anopheles coustani na jamaa zake: palpi zimejaa vigamba vilivyosimama, na sehemu ya mwisho ya mguu wa nyuma ni nyeupe kabisa, inaonekana hata bila lenzi. Mbu akiwa amepoteza miguu, kama inavyotokea mara nyingi kwa waliokamatwa kwa pupa, tegemea bawa. Bawa likiwa limepoteza vigamba vyake, andika "Anopheles" na uishie hapo. Jina pungufu lenye ukweli lina manufaa kuliko jina kamili la kubahatisha.

Hata hivyo jicho lina mpaka wake, na mpaka huo umeandikwa katika historia ya nchi yetu. Kati ya mwaka 1955 na 1959 nyumba za Pare, na za Taveta upande wa Kenya, zilipuliziwa dawa ya dieldrin ukutani. Anopheles funestus, anayependa kuingia ndani na kumuuma mtu, alitoweka. Lakini wakaguzi waliendelea kukuta mbu wanaofanana naye kabisa. Kama wangeishia kwenye sura ya nje ya mbu mzima, wangesema dawa imeshindwa. Gillies na A. Smith waliwachunguza kwa undani, na mwaka 1960 wakaeleza kwamba waliobaki ni Anopheles rivulorum, ndugu wa karibu wa funestus anayependa zaidi damu ya ng'ombe, aliyeongezeka baada ya mwenzake kuondolewa. Viluwiluwi wao hutofautiana waziwazi. Mbu wazima hufanana mno.

Kundi la gambiae ni gumu zaidi. Kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa spishi moja yenye tabia za ajabu: mahali pengine huzaa kwenye maji baridi, pengine kwenye maji ya chumvi, pengine humwandama mtu, pengine ng'ombe. Katika miaka ya 1960 Hugh Paterson na G. Davidson waliwazalisha mbu wa sehemu mbalimbali pamoja, wakakuta madume waliozaliwa ni tasa. Hiyo ilikuwa dalili kwamba ni spishi tofauti zilizovaa sura moja. Tatu kati yake zinatuhusu hapa: Anopheles gambiae mwenyewe, Anopheles arabiensis, na Anopheles merus wa maji ya chumvi, anayepatikana pwani kwenye mikoko na madimbwi yanayofikiwa na bahari. Hakuna lenzi itakayokutenganishia gambiae na arabiensis. Tangu mwaka 1993 kuna kipimo cha vinasaba kinachofanya kazi hiyo kwa mguu mmoja tu wa mbu.

Wapo wanaosema kwamba kipimo hicho kimeifanya elimu ya umbo kuwa ya kizamani. Sikubaliani nao. Kipimo cha kundi la gambiae hutoa jibu la maana pale tu alipoingizwa mbu wa kundi la gambiae. Mtego mmoja wa usiku unaweza kujaa Culex, na kati yao wakawemo Anopheles wawili. Ni jicho la mtu aliyefundishwa linalowatoa hao wawili na kuwapeleka maabara. Katika Dar es Salaam jicho hilo lilikuwa la wakazi: baadhi ya watu wa mitaani waliofundishwa walitega mbu usiku kwa hema lililobuniwa Ifakara, asubuhi wakawachambua, na kazi yao ikakaguliwa na wataalamu. Kwa ushahidi wa namna hii ilifahamika kwamba mbu wa kundi la gambiae katika jiji hili hupenda kuuma nje ya nyumba, jambo linalotuambia kwamba chandarua pekee, pamoja na thamani yake yote, hakimfikii kila mbu wa malaria.

Kuna sababu mpya ya kuharakisha. Anopheles stephensi, mbu wa malaria wa miji ya Asia, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012, akafuata Ethiopia, Sudan na Somalia, na kufikia 2022 alikuwa amekutwa Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Tofauti na gambiae, yeye huzaa kwa raha kwenye matangi, mapipa na visima vya mjini, vyombo vile vile vya Aedes aegypti. Palpi zake zina mikanda miwili mipana myeupe karibu na ncha, na upande wa juu wa palpi hizo una vidoa vyeupe vilivyotawanyika. Yeyote anayekagua mapipa akitafuta Aedes na kukuta Anopheles, asiamini kwamba ni ajali.

Mwisho ni namna ya kuanza. Mkamate mbu kwa glasi na kipande cha karatasi ngumu, au kwa mrija wa kunyonyea wenye kitambaa cha wavu ndani. Usimpige, maana vigamba ndivyo kurasa unazotaka kuzisoma. Usijiweke chambo kwa kuacha miguu wazi usiku. Kazi hiyo hufanywa na watu waliofundishwa, chini ya uangalizi na kwa kibali. Muue kwa kumgandisha kwenye friji, kisha muweke kwenye kichupa kikavu juu ya pamba kidogo, pamoja na vifuko vya silika jeli vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Unyevu wa Dar es Salaam huleta ukungu ndani ya siku chache, na sisimizi huleta hasara ndani ya saa moja. Halafu andika lebo, kwa penseli: mtaa, tarehe, saa, ndani au nje ya nyumba, na jina la aliyekamata. Mbu asiye na lebo hana kazi hata akitambuliwa na bingwa.

Anza na ukuta wa chumba chako, uwe mtaa wa Malapa au Mnyamani, Kisiwani au Madenge. Ukikuta jike mwenye palpi ndefu, hasa aliyetoka kwenye pipa au tangi, mpeleke na lebo yake kwa afisa afya wa kata.